Upepo Hauangalii Finjani

Siku ile, mwanangu, naikumbuka kwa sauti yake kabla sijaikumbuka kwa sura. Ilianza kama mbu sikioni, ikapanda ikawa kama mashine ya kusagia nyama, kisha ikawa kilio ambacho sijakisikia tena mpaka leo, na inshallah sitokisikia. Na mimi badala ya kukimbia nilisimama na mikono kiunoni, kofia nimeilaza upande, nikawaambia watu waliokaa mkekani, "Sikilizeni! Linaimba!"

Ngoja lakini. Usianze kunicheka kabla hujanijua.

Mimi ndiye fundi Sefu wa Al Amerat. Ukipita mashamba ya nyuma ya milima ukaona pampu inavuta maji na hakuna nguzo ya umeme karibu, uliza nani kaifunga. Mara nyingi utatajiwa mimi. Sisemi mara zote, maana na mafundi wengine nao wana watoto wa kulisha. Skuli sikukaa. Tulipokuja Maskati kutoka Unguja nilikuwa mtoto mrefu nisiyejua kusoma Kiarabu, nikatiwa darasa moja na vitoto vinavyonyonya vidole, magoti yangu hayaingii chini ya meza. Nikatoka. Nikaenda Matrah kwa fundi wa dainamo za magari, nyuma ya soko, na huko ndiko nilikosomea. Mpaka leo nnaweza kuishika dainamo nikaizungusha kwa mkono, nimefumba macho, nikakwambia ugonjwa wake. Kuandika huku nimejifunza kwa kusoma maboksi ya vipuri, basi ukiliona kosa lirekebishe kimyakimya, tuendelee.

Baba yangu Salum, Mungu amrehemu, alikuwa dereva wa gari la maji. Maji matamu aliyapeleka vitongoji vya huko ndani, nyuma ya Al Amerat, ambako umeme ulikuwa haujafika na barabara ilikuwa ni mkondo wa wadi tu, mto mkavu wa mawe matupu. Katikati ya njia, pale bonde linapobana, palikuwa na mwamba uliochomoza kama paji la uso. Hapo ndipo alipokuwa akisimamisha gari kusali Alasiri. Wachunga mbuzi walishapajua. Wakija na magaloni yao anawajazia, na mbuzi anawamwagia kwenye karai, kisha ndiyo anatandika msala wake.

Alipofariki, mama yangu, Bi Zuwena, akataka kumwekea sabili. Unazijua sabili: yale majokofu ya maji ya chuma yenye mabomba, yanayokaa nje ya nyumba za watu, anywe yeyote apitaye, na thawabu zimwendee aliyekusudiwa. Ami Nasor, mdogo wake baba, mwenye duka la vitambaa Matrah, akasema yeye pembe ya kuiweka anayo. Ubavuni mwa duka, kivuli kipo, umeme upo, watu tele.

Mama akamwambia, "Matrah mtu akiona kiu ananyoosha mkono tu, maji haya hapa. Salum hakuwa dereva wa Matrah. Mimi nataka pale mwambani."

"Shemeji," akasema Ami, "pale hata simu haishiki."

"Mbuzi hawapigi simu, Nasor."

Ami akaangua kicheko. Kisha mama akanigeukia mimi. Nilikuwa kijana, nimefungua gereji yangu mwenyewe juzijuzi, maneno yangu mengi kuliko kazi zangu. Akanitizama vile anavyotizama nazi kabla ya kuinunua. "Haya, Sefu. Wewe kila siku unasema unaweza. Weza basi."

Sasa nikueleze shida ya mahali pale, maana bila ya hiyo hutofahamu kitu. Asubuhi jua linapiga uzuri kabisa. Lakini adhuhuri ikishapita tu, mlima wa magharibi unalificha. Kivuli kinaingia bondeni mapema, ila joto lenyewe halitoki, limekaa ndani ya mawe kama tanuri iliyozimwa sasa hivi. Na watu wanarudi na mbuzi wao jioni. Kwa hiyo paneli za jua zinafanya kazi wakati hakuna mtu, na zinalala wakati wenye kiu wanafika. Betri peke yake ningeweza kuiongeza ukubwa, lakini nilikwenda pale mara kwa mara, nikakaa juu ya jiwe, nikaona jambo. Jua likijificha, upepo wa baharini unavuka mgongo wa mlima, unashuka kwenye lile bonde jembamba na kukimbia kama mtu aliyefukuzwa. Kofia yangu iliniondoka, nikaifuata mbali.

Nikasema peke yangu: jua lijaze betri asubuhi, upepo uijaze jioni, na jokofu halitojua nani kamlisha.

Wakati ule, mwanangu, katika mafundi wote niliowajua, hakuna aliyekuwa akichanganya vitu hivyo viwili. Paneli walizijua. Mtambo wa upepo waliuona kwenye televisheni. Mimi niliutengeneza. Nilichukua dainamo ya lori, nikaitoa matumbo, nikaisuka upya waya wa shaba na kuitia smaku nzito. Mbawa za pangaboi, yaani lile feni la kuzungushwa na upepo, nilizikata kwenye bomba nene la plastiki, bomba la baba mwenyewe, lile lililokuwa likining'inia nyuma ya gari lake. Nilitaka kitu chake kizunguke pale juu. Mlingoti nikauchomelea, nikausimamisha juu ya mwamba, nikaukaza kwa kamba za chuma. Ukija leo utaukuta, haujapinda.

Paneli nilinunua Matrah, pamoja na kile kisanduku cha kulinda betri. Kazi yake kisanduku ni moja: kinaitizama betri, ikishajaa kinafunga njia, umeme usiingie tena, kwa sababu betri ukiilisha kupita kiasi inachemka na kufa. Muuzaji akaniona natia kwenye kikapu kisanduku kimoja tu.

"Hiki cha paneli," akaniambia. "Kwa mtambo wa upepo sijui kama kinafaa. Uliza kwanza."

Nikamjibu, "Umeme ni umeme, ndugu yangu. Waya haujui umetoka wapi."

Neno tamu, siyo? Nililirudia kwa kila mtu niliyekutana naye. Nikaziunga paneli na pangaboi kwenye kisanduku kile kile kimoja, mlango mmoja kwa wageni wawili.

Siku ya kufungua ilikuwa Ijumaa, kabla ya majira ya joto kali. Nikaalika ukoo. Zikaja gari, ikatandikwa mikeka chini ya mwamba, ikaja sinia ya haliwa tamu, likaja birika la kahawa. Wakaja na wenyeji wa vitongoji, na mkubwa wao Mzee Hamed, mchunga mbuzi mwenye ndevu nyeupe, rafiki yake baba wa miaka mingi. Ami Nasor akashika birika, akawa anammiminia kila mtu. Unaijua adabu ya kahawa ya huku: mmiminaji hakuulizi. Ukirudisha finjani imetulia, anatia nyingine. Ukishatosheka unaitikisa, kushoto kulia, naye anapita kwa mwenzako. Mzee Hamed akatikisa yake. Mama akatikisa yake. Nakutajia hayo kwa sababu niliyaona kwa macho yangu, yakanipita bila kunifunza kitu.

Maji yalikuwa baridi ya kuuma meno. Watu wakanywa, wakamwombea baba. Ami Nasor akalitizama pangaboi juu ya mlingoti, linazunguka polepole.

"Sefu, hilo feni lako linampepea nani huko juu? Malaika?"

"Subiri Alasiri, Ami. Utaona."

Tukasali Alasiri. Kivuli kilishaingia, na upepo ukaja kama nilivyoahidi. Nikaenda kuitizama betri. Ilikuwa imekula jua asubuhi nzima, jokofu limeshapoza maji yake yote na limetulia, kwa hiyo mshale wa kipimo umefika juu kabisa. Nikapiga kelele, "Imeshiba! Njooni muone, imeshiba!" Na hapo hapo kisanduku kikalia: tak.

Kikafunga njia.

Hebu nikueleze kilichotokea kwa maneno ya gereji. Dainamo inayotoa umeme ni nzito. Ukiizungusha kwa mkono unaona inakataa, inakushikilia. Ukiikata waya inakuwa nyepesi, inakimbia yenyewe. Hilo nililijua toka nikiwa kijana, kwa mikono hii hii. Basi pangaboi juu ya mlingoti lilikuwa linashikiliwa na betri. Mzigo wa betri ndio uliokuwa breki yake. Kisanduku kilipofunga njia, paneli hazikujali. Paneli ukiifungia mlango inakaa tu juani, kama kondoo. Lakini upepo haukuambiwa kitu. Ukaendelea kusukuma kitu ambacho hakina tena wa kukishika.

Ndiyo ile sauti niliyokwambia. Mbu, mashine, kilio. Mbawa zikawa hazionekani, duara jeupe tu.

"Linaimba!" nikasema.

Mama akainua kichwa. "Haliimbi hilo, Sefu. Linalia."

Hajamaliza neno, ubawa ukakatika. Ulipita juu ya vichwa vya watu, ukapiga kwenye tangi la maji linalolisha jokofu, ukalipasua ubavuni, na kipande kikashuka mkekani, kando kabisa ya goti la mama, kikasimama kimechomeka kwenye haliwa. Maji ya sabili yakamwagika yote, yakapita mkekani, yakabeba finjani, viatu vya watu vikaelea. Pangaboi lililobaki likatikisika mara mbili tatu, likang'oka na kuanguka nyuma ya mwamba.

Hakuumia mtu. Alhamdulillah. Nimelisema neno hilo mara nyingi maishani, lakini siku ile lilitoka mahali pengine.

Watu wakasimama, wakakung'uta kanzu. Mzee Hamed akakichomoa kile kipande kwenye haliwa, akakipangusa, akanikabidhi kwa mikono miwili kama anayemrudishia mtu kilemba kilichoanguka. Akaniuliza kwa Kiarabu chake cha mlimani, polepole nifahamu, "Kesho yatakuwepo?"

Maji. Hakuuliza jingine.

Ami Nasor hakunitania tena, na hapo ndipo nilipojua kwamba amekasirika khasa. "Khalas, basi," akasema. "Mtu asife kwa ajili ya sadaka. Gharbi ikianza, watu wa huku watakuwa na kiu ya kweli, na sisi tutakuwa tunawachezea kwa mafeni. Nakupa mpaka gharbi ianze kuvuma. Kama feni lako halijatengenea, jokofu linahamia Matrah, ubavuni mwa duka langu, na hilo jambo tusilizungumze tena."

Gharbi ni ule upepo wa jangwani wa mwanzo wa joto, unaokuja kama mtu kakufungulia mlango wa tanuri usoni. Ulikuwa hauko mbali.



Nikarudi gerejini nikatengeneza mbawa nyingine, nene zaidi. Nikasema kosa ni la plastiki, nitachonga mbao. Nikachonga. Nikafunga na bati la chuma kwenye shina. Nilikuwa najenga pangaboi lenye nguvu ya kukimbia zaidi, wala sikujiuliza kwa nini lilikimbia.

Asubuhi moja mama akaniita nyumbani. Nikamkuta kakaa barazani, birika la kahawa mbele yake, tende sahanini. Akanipa finjani. Nikanywa, nikiwa namweleza habari za mbao: aina gani, nimezipata wapi, nimezichonga vipi, na hakuna fundi mwingine angeweza. Akanimiminia nyingine. Nikanywa nikiendelea kusema. Akamimina. Nikawa nimeishika tu mkononi, imejaa, maneno yananitoka. Akamimina tena. Kahawa ikafurika, ikaniteremkia vidoleni, mpaka kwenye kiwiko.

"Mama! Unaniunguza!"

"Hukutikisa," akasema. Birika bado kalishika.

"Si unaona kwamba imejaa?"

"Mimi naona. Mimi nna macho." Akaliweka birika chini. "Unaikumbuka ile wiki ya kwanza tulipofika hapa? Nyumbani kwa Ami yako Nasor?"

Ningesahau vipi? Nilikuwa mtoto, na mama alinifunza Unguja kwamba mgeni hakatai anachopewa. Ami Nasor akanimiminia kahawa, nikanywa, nikarudisha finjani kwa heshima, imetulia. Akatia nyingine. Nikanywa. Yeye anangoja nitikise, mimi nangoja achoke. Mtoto wa watu nikanywa kahawa mpaka nikamtapikia kwenye zulia jipya. Mpaka leo kwenye harusi za ukoo kisa hicho kinasimuliwa, na mimi nikiwepo.

"Nasor hakuwa mbaya," mama akasema. "Na wewe hukuwa mbaya. Yeye alikuwa anaangalia finjani, na wewe hukujua kuitikisa. Sasa wewe umeiwekea betri yako wamiminaji wa aina mbili. Jua lako umeliwekea kile kisanduku, betri ikishiba kinasema basi, na jua linakubali. Si ndivyo ulivyonieleza?"

"Ndivyo."

"Na upepo, Sefu? Upepo una macho? Upepo unaangalia finjani?"

Kahawa ilikuwa inanikaukia mkononi.

"Mwaka mzima unanieleza vipi utaijaza hiyo betri," akasema. "Kwa jua, kwa upepo, kwa hili, kwa lile. Sijakusikia hata siku moja ukisema, ikishajaa, kinachozidi kinakwenda wapi. Mtu anayekaribisha watu lazima ajue kinachobaki sufuriani atampa nani. Wewe hata hilo hukufikiri. Unajisifu kwa kujaza tu. Kujaza hata mvua inajaza, na ikishajaza inabeba nyumba za watu."

Mwanangu, mimi nimetukanwa na watu wengi. Katika biashara hii utatukanwa. Lakini hakuna aliyenipiga pahala penyewe kama mama asubuhi ile, na hakuinua sauti. Niliinuka nikamwambia, "Nipe ruhusa, nnakwenda kazini."

"Nenda. Lakini osha mkono kwanza, utanatisha waya."

Kuanzia hapo nikawa mtu mwingine. Zile mbao nilizozichonga nikaziweka pembeni. Nikafikiri: betri ikishiba, upepo usifungiwe mlango, upewe mlango mwingine. Nikatengeneza swichi inayoitizama betri, na ikifika juu, umeme wa pangaboi haukatwi, unageuzwa njia na kupelekwa kwenye koili ya moto, kama zile za kuchemshia maji. Kwa hiyo pangaboi linabaki na mzigo wake, linabaki zito, linabaki na adabu. Na paneli nikaziachia kisanduku chao peke yao, kinazifungia na kuzifungulia kinavyotaka.

Nikalitengeneza pangaboi, nikalirudisha mlingotini kwa mbawa za muda, nikajaribu. Koili ya kwanza iliungua. Nilikuwa nimechagua ndogo, haikuweza kumeza upepo wa bonde lile, ikawa nyekundu kama jicho la mlevi, ikakatika. Bahati nilikuwa na breki ya mkono, maana sasa nilishatia akili: waya zote za dainamo unaziunga pamoja kwa swichi moja, inakuwa nzito inasimama. Nikasimamisha. Nikatia kubwa zaidi. Hiyo nayo ilihimili upepo wa kawaida, ukizidi inapika hewa mpaka rangi ya boksi lake inabambuka. Nikakaa juu ya lile jiwe langu, nimekunja uso. Upepo unavuma usoni, na umeshaanza kuwa na harufu ya vumbi la jangwani. Ami Nasor alishatuma gari ndogo kuja kupima njia ya kulitoa jokofu.

Nikasema, wallahi halitoki.

Nikachukua pipa la chuma, nikalijaza maji, nikazizamisha koili mbili nzito ndani yake. Maji yana subira kuliko hewa. Unayatia moto na bado yanakaa. Nikalifunga pipa kwenye kivuli cha mwamba, nikalitia bomba chini. Tangi nalo nikalitia kiraka na kulijaza. Mbawa nikarudia za plastiki, zile zile za bomba la baba, vipande vilivyobaki. Safari hii nilizitoa ncha, nikazisawazisha kwa mizani ya dukani mpaka zote zikawa sawa. Nikateremka mpaka pale simu inaposhika, nikampigia Ami nikamwambia, njoo Alasiri, na mlete mama.

Walifika upepo ushaanza. Ulikuwa mkali kuliko ule wa siku ya kwanza, mchanga unapiga vioo vya gari. Mzee Hamed naye alikuwepo na mbuzi wake, kwa mbali, maana mtu huyu ana akili. Mama akashuka garini, akachukua mkeka, akautandika pale pale alipokaa siku ile. Pale pale.

"Mama, kaa nyuma ya gari," nikamwambia.

"Umeliamini lako, au hujaliamini?"

"Nimeliamini."

"Basi nipishe, unanizuia kuona."

Ami Nasor akasimama nyuma yake, hakai. Mimi nikashika ile swichi ya breki. Betri nilikuwa nimeijaza makusudi. Nikafungua breki. Pangaboi likaanza, likashika mwendo, na mshale ukapanda mpaka mwisho. Nikasikia swichi yangu mpya ikilia: tak.

Ule mlio, mwanangu, mpaka mgongo wangu uliukumbuka.

Tukangoja. Upepo ukapiga, mlingoti ukatetemeka kidogo. Sauti ya pangaboi ikapanda kidogo, kisha ikakaa. Ikakaa hapo hapo, nzito, kama mtu anayesoma uradi. Halikulia. Na kutoka kwenye pipa tukaanza kusikia kitu kingine, kinanguruma chini kwa chini, kama sufuria ya wali inapoanza kuchemka jikoni.

Mama akageuza kichwa. "Hiyo nini?"

"Hicho ndicho kinachozidi, mama. Kinakwenda mle."

Ami Nasor akalisogelea pipa, akaligusa, akatoa mkono haraka. Akanitizama, akawatizama mbuzi, akautizama ule mlima unaowaka. "Sefu," akasema, "umechukua jua na upepo wa Mungu, ukavunja tangi, ukanitia presha, ili uchemshe maji Oman?"

Tukacheka. Wallahi tulicheka mpaka Mzee Hamed akaja kuuliza kuna nini, akatafsiriwa, naye akacheka na meno yake machache. Kisha yeye ndiye aliyesema kwa wote: majira ya baridi, alfajiri huku milimani, maji ya kutawadhia yanakata vidole. Hili pipa tutalipenda.

Mama akasimama, akaenda kwenye jokofu, akajaza kikombe, akanywa amekaa chini kama alivyofunzwa, polepole, hakubakisha. Akashika kikombe kitupu, akakitikisa kushoto kulia.

Jokofu halikwenda Matrah.

Sasa mama naye hayupo, na sabili ile thawabu zake naomba ziwafikie wote wawili. Betri nimeshazibadilisha mara nyingi, na siku hizi zipo za aina mpya. Umeme wa nguzo umefika vitongoji vile, lakini wenyeji walikataa jokofu liguswe. Binti yangu anasoma uhandisi chuoni Al Khoudh, na nilipowapeleka pale yeye na wenzake akawaonesha pipa lile kwa kidole, akawaeleza kwa hesabu na majina ya vitabuni kwa nini mtambo wa upepo hauachwi bila mzigo. Nilisimama kando nikamsikiliza. Alisema vizuri kuliko mimi. Kanipita, na ninayemsifu ni wangu, kwa hiyo nimejisifu mimi.

Basi nakuusia, mwanangu. Katika dunia utapata vya kukujaza vya aina mbili. Vipo vyenye macho, ukitikisa finjani vinaacha: kazi unaweza kuifunga jioni, chakula unaweza kuisukuma sahani. Na vipo visivyokuwa na macho. Nguvu za ujana hazikutizami kama umejaa. Hasira haikutizami. Sifa za watu ndiyo kabisa, zinamiminwa tu, na mali ikishaanza kuja inakuja kama ule upepo wa bondeni. Usijidanganye kwamba utavifungia mlango. Ukivifungia, vitazunguka juu ya kichwa chako mpaka kitu kikatike, na kitaruka kumpata aliyekaa karibu nawe, anayekupenda. Tafuta pipa lako mapema, kabla hujaalika watu. Nguvu zizidizo zibebee mtu mzigo. Mali izidiyo ipe njia ya kutoka iliyo wazi. Na siku unapanga kujaza kitu chochote, panga siku hiyo hiyo kikishajaa kitamwagikia wapi. Ukiwa huna jibu, usiuite bado ufundi.

Mama aliniambia mara ya mwisho tulipokwenda pale pamoja, "Sefu, na hayo majivuno yako nayo yatafutie pipa." Ndiyo haya nayamimina hapa kwenye karatasi, yawapashe moto wengine.

Mungu akupe jua la kukutosha, na upepo usiokuvunja. Akujaalie wa kukumiminia wenye kukutizama usoni. Na ukifika pale mwambani ukiwa na kiu, kunywa, waombee dua Salum na Zuwena, kisha tikisa kikombe. Aliyefunga mabomba yale, usisahau, ni mimi.